Kubadilisha honi za gari la spoti la zamani: kuanzia kwenye fyuzi hadi kitufe cha usukani

Honi za MGB yangu, gari dogo la spoti la Kiingereza, hazikufa ghafla. Zilianza kwa kukoroma kama mtu aliyeamka na mafua, kisha zikawa zinalia nikikata kona ya kulia tu, na mwishowe zikanyamaza kabisa. Nikaagiza jozi mpya. Nikazifunga jioni nzima, kifua kikiwa juu ya radieta na tochi nimeing'ata mdomoni, halafu nikakaa kwenye kiti na kubonyeza kitufe katikati ya usukani. Kimya. Kesho yake nikazitoa zile za zamani kwenye boksi la vyuma chakavu, nikaziunga moja kwa moja kwenye betri, zikalia mpaka majirani wakachungulia madirishani. Ubovu ulikuwa kwenye kijiti cha shaba nyuma ya usukani, kifupi kuliko kidole gumba, kilichogandishwa na grisi ya miaka mingi.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na spana. Unaanza na kupima, na sehemu hiyo nimeipa nafasi kubwa kuliko kufungua na kufunga, kwa sababu kufungua na kufunga ni kazi ya bolti mbili. Mfano wangu mkuu ni MGB ya 1966 kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila wiki, lakini njia ni ileile kwa Triumph, Datsun 240Z, Alfa Romeo au Porsche ya umri huo.

Honi inavyolia

Ukiwa na honi iliyokufa kabisa, ifungue uitazame. Ndani kuna koili ya waya wa shaba, kiwambo cha chuma chembamba kilichowambwa mdomoni kama ngozi ya ngoma, na jozi ya platini ndogo za kukata umeme. Umeme ukipita, koili inageuka sumaku na kukivuta kiwambo. Kiwambo kikivutwa, platini zinaachana. Umeme unakatika, sumaku inapotea, kiwambo kinarudi mahali pake, platini zinagusana tena. Mzunguko huo hujirudia mara mia kadhaa kila sekunde, na huko kutetemeka ndiko sauti.

Ukishaliona hilo unaelewa mambo mawili. La kwanza, platini zinalika. Kadiri zinavyolika, honi inaanza kukwama, kukoroma, au kuhitaji kofi ili iamke, na mara nyingi inarudi kwa kukaza skrubu tu. La pili, honi ya namna hii haijali chanya wala hasi. Sumaku huvuta chuma upande wowote umeme utokako. Hilo lina maana kubwa kwa magari ya Kiingereza yaliyotoka kiwandani na chanya ya betri ikiwa imeungwa kwenye bodi, kama MGB zote kabla ya mwisho wa 1967.

Kwa umbo, utakutana na aina tatu. Honi za sahani ni bapa na mviringo, zinafunga sehemu nyembamba, na sauti yake ni kavu na kali. Honi za konokono zina bomba lililojikunja, sauti yake ni nzito na tamu zaidi, ila zinataka nafasi. Honi za upepo, zilizopendwa sana na Waitalia, zina kompresa ndogo ya umeme inayosukuma hewa kwenye tarumbeta kupitia mpira. Hizi za mwisho ni kazi ya peke yake, nitazigusa baadaye.

Kwa kawaida honi hufungwa mbili, moja ya sauti ya chini na moja ya juu. Nyingi huwa na herufi L (ya chini) au H (ya juu) iliyogongwa kwenye ganda. Jozi ya kawaida inaweza kuwa na mitetemo karibu 400 kwa moja na 500 kwa nyingine kila sekunde, yaani uwiano wa 4 kwa 5, na kwa sababu hiyo zikilia pamoja zinaafikiana kama waimbaji wawili wa kwaya. Ukifunga L mbili kwa bahati mbaya, gari litalia, lakini litalia kama pikipiki.

Jua kitufe kinakata upande gani

Hapa ndipo watu wengi wanapoungua, wengine kwa maana halisi ya neno.

Gari la kisasa kichwani mwetu linafanya hivi: umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi, unafika kwenye kifaa, kisha unarudi kupitia bodi. Magari mengi ya zamani hayafanyi hivyo kwa honi. Kwenye MGB yangu umeme uko kwenye honi saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwangu. Waya wa zambarau unautoa kwenye fyuzi na kuufikisha kwenye pini moja ya kila honi. Pini ya pili ina waya wa zambarau wenye mstari mweusi, unaokwenda mpaka kwenye usukani. Kitufe kinapobonyezwa hakileti umeme. Kinaupa njia ya kurudi kwenye bodi. Kwa maneno mengine, kitufe kinakata na kuunga erthi, yaani hiyo njia ya kurudi kwenye bodi.

Sababu ya kujenga hivyo ni rahisi: usukani unazunguka, na ni rahisi zaidi kupitisha waya mmoja kwenye kitu kinachozunguka na kuuacha mwili wa usukani wenyewe uwe njia ya pili.

Magari mengine yana rilei katikati, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Triumph TR6, Jaguar E-Type na 240Z ni mifano. Hapo kitufe bado kinakata erthi, lakini erthi ya koili ya rilei, wakati mzigo mkubwa wa honi unapita kwenye platini za rilei. Na yapo magari ambayo kitufe kiko kwenye mkono wa indiketa na kinaleta umeme kwenye honi, ambayo nayo imejishika erthi kupitia bano lake, kile chuma kinachoishikilia kwenye gari.

Kulijua lako ni la aina gani, chukua taa ya majaribio, yaani balbu ndogo yenye waya mbili. Shika mkia wake mmoja kwenye bodi safi na ncha kwenye kila pini ya honi, kitufe kikiwa hakijabonyezwa. Taa ikiwaka, umeme upo pale muda wote na kitufe kinakata erthi. Isipowaka, mwambie mtu abonyeze. Ikiwaka sasa, kitufe au rilei ndiyo inayoleta umeme. Isipowaka hata hapo, honi haijafikiwa na umeme na hakuna honi mpya duniani itakayolia.

Onyo kwa wenye chanya kwenye bodi: multimita yako (kipimo cha volti na omu) itasoma namba yenye alama ya kutoa mbele. Haijaharibika. Geuza mikia.

Pima kabla ya kununua

Toa honi moja, au angalau chomoa waya zake zote. Chukua waya mbili nene zilizo na fyuzi ya ampea 15 kwenye mmoja, zipeleke betri hadi pini za honi. Ziba masikio, sauti hiyo karibu na uso si mzaha. Gusa kwa sekunde moja au mbili tu, kwa sababu koili inapata moto haraka.

Ikilia vizuri, honi ni nzima, rudi kwenye nyaya. Ikitoa *tiki* moja tu, platini zimeachana mno au zimeshikana, jaribu skrubu. Ikinyamaza kabisa, koili imekatika au platini zina kutu.

Skrubu ya kurekebisha iko mgongoni au ubavuni, ndogo, mara nyingi yenye meno pembezoni. Kwenye honi za Lucas aina ya 9H, ambazo ndizo ziko kwenye MGB nyingi, usiguse ile ya katikati yenye nati ya kuifunga. Hiyo ni ya kiini cha sumaku, na ukiichokoza umeua honi iliyokuwa nzima. Chukua ile ndogo. Izungushe kinyume cha saa kidogokidogo huku ukijaribu, mpaka honi ishindwe kulia. Kisha irudishe upande wa saa robo mzunguko. Basi. Ikiwa una kipima ampea, kiunge njiani uone: honi ya sahani ya kawaida inakula kati ya ampea 3 na 5, zile kubwa za konokono zinaweza kuzidi hapo. Honi inayokula ampea 10 peke yake na sauti haina nguvu imeshachoka ndani.

Rekebisha moja moja, nyingine ikiwa imechomolewa. Ukizisikiliza zote mbili kwa pamoja hutajua ipi inakoroma. Na usidhani skrubu hii itabadilisha noti. Inarekebisha kulika kwa platini tu.

Honi ikiwa nzima mezani lakini dhaifu kwenye gari, umeme unapotelea njiani. Weka multimita kwenye volti. Mkia mmoja kwenye pini ya betri isiyo ya bodi, mwingine kwenye pini ya honi inayopokea umeme, halafu mwambie mtu abonyeze. Unachosoma ni kile kilichopotea upande wa kuja. Fanya hivyohivyo upande wa kurudi: pini ya pili ya honi na pini ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Zaidi ya nusu volti upande wowote kunanikera. Zaidi ya volti moja kunahitaji kazi. Hesabu yake ni nyepesi. Honi mbili zinakula ampea 8. Kutu kwenye kiungio kimoja kukileta ukinzani wa robo ya omu, volti 2 zimekwenda, na honi ya volti 12 inaachiwa 10 za kulilia.

Anza kutafuta kwenye fyuzi. MGB za mwanzo zina fyuzi mbili tu zinazofanya kazi, na ya honi ni ile iliyo kati ya pini A1 na A2. Kabla hujafanya kitu kingine, izungushe kwa vidole ndani ya vishikio vyake mara kadhaa. Nusu ya maajabu ya umeme kwenye gari hili yanatibika hapo. Kisha itoe, piga msasa laini kwenye vishikio mpaka ving'ae, rudisha.

Na ukibadilisha fyuzi, soma vizuri. Fyuzi ya kioo ya Kiingereza iliyoandikwa 35 maana yake inaungua ikifika ampea 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni ampea 17. Fyuzi ya kioo ya Kimarekani inaandikwa kwa mzigo wake wa kudumu. Ukichukua ya Kimarekani ya 35 na kuiweka mahali pa ya Kiingereza ya 35, umeweka fyuzi ambayo inaweza kuziacha nyaya ziungue kabla yake. Weka ya 20 au chini.

Kuchagua honi mpya

Umeridhika kwamba honi zimekufa kweli. Sasa unanunua nini?

Volti kwanza. Porsche 356 nyingi na magari mengine ya miaka ya 1950 ni ya volti 6. Honi ya volti 6 kwenye mfumo wa 12 italia kwa nguvu ya ajabu mara chache, kisha itatoa moshi. Ya volti 12 kwenye mfumo wa 6 itanong'ona tu. MGB inawachanganya watu kwa sababu ina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, lakini zimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo gari ni la volti 12.

La pili, na hili usilipite: hesabu pini. Honi mpya nyingi zina pini moja tu, na njia ya pili ni bano lenyewe linaloshika bodi. Ukiifunga honi hiyo kwenye gari ambalo kitufe kinakata erthi bila rilei, na ukachomeka waya wa zambarau, honi italia tangu unaporudisha betri mpaka uchomoe waya kwa mikono inayotetemeka. Gari la namna hiyo linataka honi ya pini mbili, ganda lake likiwa halijaunganishwa na umeme. Pima na multimita kwenye omu: kati ya kila pini na bano kusiwe na mawasiliano yoyote. Ukiipenda sana ile ya pini moja, basi lazima ufunge rilei, nami nitaeleza jinsi ya kuifunga.

La tatu ni chanya na hasi. Honi za koili hazijali, nimeshasema. Honi za kielektroniki zinajali, kompresa nyingi za honi za upepo zinajali, na rilei zenye dayodi ndani (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) zinajali. Gari lenye chanya kwenye bodi linazifukuza zote tatu, isipokuwa kompresa ambayo mtengenezaji ameandika wazi kuwa inakubali pande zote na ganda lake halijaungwa.

Halafu pima nafasi kwa karatasi ngumu. Kata mviringo wa ukubwa wa honi mpya, ushikilie mahali pake, funga boneti polepole. Nilimwona rafiki yangu akifunga konokono mbili nzuri ajabu mbele ya radieta ya Triumph Spitfire, na boneti ikaacha kufunga kwa upana wa penseli.

Kuhusu kununua za zamani zilizotumika: ni wazo zuri kuliko inavyodhaniwa. Ganda likiwa halijatoboka na koili ikiwa hai, honi ya 1965 iliyosafishwa na kurekebishwa italia kwa sauti ambayo gari lile lilizaliwa nayo, na jozi nyingi za kisasa za bei rahisi hazitoi sauti hiyo.

Kufungua

Ondoa betri kwanza, na uanze na waya unaokwenda kwenye bodi, uwe chanya au hasi. Spana ikigusa bodi ukiwa unafungua waya huo, hakitokei kitu; ukianza na mwingine, spana inageuka kuwa chombo cha kuchomelea. Kwenye MGB betri ziko chini ya kifuniko nyuma ya viti, na utaapa kidogo kabla ya kuifikia nati.

Piga picha tatu kabla ya kugusa: waya ulipo, honi ilipoelekea, na bano lilivyopinda. Weka alama ya gundi kwenye kila waya. Najua utasema utakumbuka.

Mwagia bolti za bano mafuta ya kulegeza kutu, uende ukanywe chai, urudi. Bolti hizi ziko mbele kabisa ya gari, zimekula mvua na matope kwa miaka 50. Ukizilazimisha zikakatika, utatumia siku nzima kutoboa. Shika nati kwa nyuma kwa spana ya pili, kwa sababu pale kwenye chuma chembamba cha mbele ya radieta, ukizungusha bila kushika utakipinda. Kwenye gari lenye grili inayotoka kwa skrubu chache, itoe. Utapata mwanga na mikono yako itakushukuru. Linda radieta kwa ubao mwembamba au karatasi nene, mapezi yake yanapondeka kwa kugusa tu.

Chomoa waya kwa kushika kichwa chake kwa plaizi, si kwa kuuvuta waya. Vichwa vya miaka hiyo vinaachia waya kama jino la mtoto.

Kusafisha na kufunga

Mahali bano linapokaa, piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, hata kama honi yako ni ya pini mbili. Kutu iliyobaki chini ya bano ni mto, na mto unalegea. Baada ya kukaza, paka rangi au grisi kuzunguka.

Bano lenyewe lina siri yake. Tazama la zamani: si chuma kimoja kinene, ni vipande vyembamba vya chuma cha springi vilivyolaliana. Honi inatakiwa itetemeke kwa uhuru huku mguu wa bano ukiwa umekazwa kama mwamba. Ukiibana honi moja kwa moja kwenye bodi kwa bolti nene, sauti inakabwa. Ukiuacha mguu ulegee, inakoroma. Kama honi mpya imekuja bila bano la springi, tumia la zamani. Na honi isiguse kitu chochote pembeni, si bomba, si grili, si mwenzake. Acha angalau sentimita moja kila upande.

Konokono huelekezwa mdomo chini au mbele-chini, ili maji yatoke yakiingia. Nimewahi kutoa kikombe kidogo cha maji machafu kwenye konokono iliyofungwa mdomo juu na mwenye gari aliyetaka ionekane vizuri. Honi za sahani zielekee mbele, au chini kidogo.

Kata ncha za waya zilizogeuka kijani mpaka ufikie shaba nyekundu. Ukiona kijani kimeingia ndani sana chini ya mpira, ubadilishe waya mzima mpaka kwenye kiungio kinachofuata. Bana vichwa vipya kwa plaizi ya kubania, na ukipenda, tia risasi ya kuchomelea kidogo. Vifunike kwa mipira yake. Paka grisi ya umeme kwenye pini, chomeka, vuta kidogo kuhakikisha imeshika.

Kama una mbili, waya wa umeme unazipitia zote, na waya wa kurudi vilevile. Haijalishi ipi inaanza.

Rilei: ukiitaka, na ukiihitaji

Gari lisilokuwa na rilei linapitisha ampea zote za honi kwenye kitufe kidogo cha usukani. Kiwanda kilikubali hilo, na kitufe kikiwa safi kinaweza. Lakini ukifunga honi kubwa kuliko za awali, au za pini moja, au ukichoka kusafisha kile kijiti cha shaba, rilei ni ampea chache za amani.

Rilei ya kisasa ina pini nne: 30, 87, 85 na 86. Rilei ya Lucas 6RA iliyomo kwenye magari ya Kiingereza inaziita C1, C2, W1 na W2. C mbili ni za mzigo mkubwa wa honi, na W mbili ni za koili.

Kwa gari ambalo kitufe kinakata erthi, fanya hivi, betri ikiwa imetolewa:

1. Toa waya mpya wa milimita za mraba 2.5 kutoka chanzo cha umeme hadi fyuzi ya ampea 15 au 20, iliyo karibu iwezekanavyo na chanzo hicho, kisha hadi pini 30.
2. Kutoka pini 87, waya wa unene uleule hadi pini ya kwanza ya kila honi.
3. Pini ya pili ya honi iende kwenye bodi kwa waya mfupi na nati safi. Ya pini moja inajishika yenyewe kupitia bano.
4. Ule waya wa zambarau uliokuwa unaleta umeme kwenye honi, upeleke pini 86.
5. Ule wa zambarau wenye mstari mweusi, upeleke pini 85.

Kuanzia hapo kitufe kinabeba sehemu ndogo sana ya ampea moja, na hakichomeki tena. Hakuna waya wa kiwandani uliokatwa, kwa hiyo mwenye gari wa baadaye anaweza kurudisha kila kitu kwa dakika kumi. Mimi rilei huificha nyuma ya radieta, pini zikiwa zimetazama chini ili maji yasitulie ndani. Penye tundu la kupitisha waya kwenye chuma, weka mpira. Chuma kinakata waya polepole.

Honi za upepo hazifungwi bila rilei, kwa sababu kompresa peke yake inakula kuliko honi mbili za koili. Iweke kompresa mahali pakavu na karibu na tarumbeta, kwa kuwa mpira mrefu unaichelewesha sauti, nawe utabonyeza na kusubiri huku mwenye baiskeli akikutazama.

Usukani

Hapa ndipo ningeanza ile jioni ya kwanza.

Kifuniko cha katikati ya usukani kwenye magari mengi kinang'oka kwa kukibandua taratibu kwa bisibisi bapa iliyovishwa kitambaa. Chini yake kuna springi, kisahani cha mgusano, na ama waya mfupi ama kijiti cha shaba chenye springi kinachokanyaga pete ya shaba nyuma ya usukani. Kijiti hicho kinateleza kwenye pete kila unapokata kona, na grisi inayotoka kwenye beringi ya usukani inakuja kukaa juu yake. Kitoe, kisugue kwa msasa laini, hakikisha springi yake inakirudisha, futa pete kwa kitambaa chenye spiriti. Usirudishe grisi nzito. Tone la grisi ya umeme linatosha.

Kujaribu bila honi: taa ya majaribio kati ya umeme wa betri na ule waya wa kurudi uliochomolewa kwenye honi. Bonyeza, taa iwake. Achia, izime. Zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukibonyeza, taa isipepese.

Ikipepesa na kijiti ni safi, shuka chini ukatazame nguzo ya usukani. Kwenye Triumph nyingi na Volkswagen za zamani, nguzo imeungwa kwa kiungio cha mpira kinachopunguza mtetemo, na mpira haupitishi umeme. Kiwanda kiliweka waya mfupi unaovuka mpira huo ili usukani upate erthi. Fundi anapobadilisha kiungio, waya huo ndio husahauliwa, na honi hufa siku gari linapotoka gereji. Kipande cha waya laini na vichwa viwili vya mviringo kinamaliza kesi.

Waliobadilisha usukani kwa ule wa mbao wa duka la vifaa, hakikisheni kitovu kilichokuja nao kina pete ya honi inayolingana na kijiti cha gari. Vingine havina.

Na tahadhari moja kwa wenye magari ya spoti ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea: baadhi yake, kama Mazda MX-5 za mwanzo zilizouzwa Marekani, zina mfuko wa hewa ndani ya usukani. Huo hauchokozwi na bisibisi. Mpelekee anayejua.

Kuliza mara ya kwanza

Rudisha betri, waya wa bodi ukiwa wa mwisho. Kabla hujaukaza, uguse tu kwenye pini yake. Honi ikilia yenyewe hapo hapo, toa na urudi kwenye pini na bano. Kuna mahali umeme unarudi bila kuombwa.

Ikinyamaza, kaza, kaa kwenye kiti, bonyeza kwa ufupi. Kisha washa injini na ubonyeze tena. Sauti ikibadilika sana kati ya injini kuzimwa na kuwashwa, bado kuna volti zinapotea njiani. Rudia kile kipimo cha multimita, safari hii ukiwa na honi mpya, uandike namba kwenye daftari la gari. Mwakani utakuwa na cha kulinganisha.

Sikiliza moja moja kwa kuchomoa nyingine. Honi mpya pia huwa na skrubu, na mara nyingine hutoka kiwandani zikiwa hazijakaa sawa. Robo mzunguko, si zaidi, halafu tone la rangi juu ya skrubu isijigeuze kwa mtetemo.

Endesha wiki moja, kisha kaza tena mguu wa bano. Rangi mpya hujibana na nati hulegea. Zile za zamani usizitupe: zifute, zipulizie mafuta mepesi, zifunge kwenye gazeti na karatasi inayosema L ni ipi na H ni ipi. Zangu ziko rafuni, na kwa kweli ninafikiria kuzirudisha, maana hizi mpya ni kali mno kwa gari dogo namna ile.